Mjusi wa Tendaguru na Kiunzi Chake
Kati ya 1909 na 1913, wapagazi walibeba kutoka kilima cha Tendaguru hadi bandari ya Lindi, mwendo wa siku kadhaa kwa miguu, mifupa ya dinosaria, yaani mijusi wakubwa wa kale, iliyochimbwa chini ya msimamizi Boheti bin Amrani, ambaye jina lake lastahili kutangulia majina ya maprofesa. Mifupa hiyo ilipelekwa Berlin, Ujerumani, na huko mnyama mmoja alisimamishwa 1937 juu ya kiunzi cha chuma, mkia ukiburutwa chini, na 2007 akaundwa upya, mkia ukiwa juu. Vikaragosi vya sinema, vinavyosogezwa kidogo na kupigwa picha moja moja, hujengwa vivyo hivyo, juu ya kiunzi: mtengenezaji wa vikaragosi Marcel Delgado, kwa filamu ya dinosaria ya 1925, alianza na mifupa ya chuma yenye viungo, ndipo akaivika ngozi ya mpira. Mifupa ya Tendaguru ingali Berlin.