Wajibu Usio na Ujira: Sala ya Sandhya katika Uhindu

Kabla ya jua kuchomoza, Mhindu aliyevikwa uzi mtakatifu huoga, kisha huketi kuelekea mashariki na kutia maji kidogo katika kiganja cha mkono wa kulia. Huyanywa mara tatu, huku akitaja majina ya Vishnu. Hufuatia kudhibiti pumzi, kuteka maji kwa viganja viwili na kuyamimina mbele ya jua. Mwisho huirudia Gayatri, ubeti wa Rigveda wenye vipande vitatu vya silabi nane nane. Katika ubeti huo haombi mvua, mtoto wala mali; huomba akili yake iangaziwe. Adhuhuri na machweo hurudia tena. Hii ndiyo sandhyavandana.

Wanazuoni wa Kihindu huzigawa ibada mafungu matatu: nitya, za kila siku, naimittika, za tukio maalumu kama vile kupatwa kwa jua, na kamya, za mwenye haja yake. Anayeacha kamya hukosa alichokitaka tu. Nitya haina hiari hiyo. Makala haya yanadai kwamba uzito wake umo katika kutokuwa na ujira.

Suala hili liliigawa shule ya falsafa ya Mimamsa. Wafuasi wa mwanafalsafa Kumarila walishikilia kwamba binadamu hatendi jambo bila kutazamia faida. Basi nitya nayo lazima iwe na faida, walau kuepusha dhambi. Prabhakara, mwanafalsafa mwingine wa shule hiyo, alipinga: amri ya Veda inatosha, mtu hutenda kwa kuwa amewajibika. Naafikiana na Prabhakara. Ibada ya haja hukoma haja inapotimia, au mwombaji anapokata tamaa. Lakini jua humchea aliyefanikiwa na aliyefilisika, na sandhya humtaka kila mmoja asimame vilevile alivyosimama jana. Uthabiti huo haununuliki kwa ahadi ya malipo.

Lipo pingamizi kwamba ibada hizi hazina thamani ya mwisho: mwanafalsafa Shankara alifundisha kwamba matendo ya ibada hayamkomboi mtu; kinachokomboa ni ujuzi. Hata hivyo, alikiri kuwa matendo hayo huutakasa moyo uweze kuupokea ujuzi huo.

Pingamizi zito zaidi ni la haki. Kwa karne nyingi, mafundisho ya kimapokeo yaliwanyima Gayatri wanawake na watu wa tabaka la Shudra. Dayananda Saraswati, aliyeanzisha jumuiya ya Arya Samaj mjini Bombay mwaka 1875, aliwafungulia wote mlango huo, na mwaka 1903 jumuiya hiyo ikafika Nairobi. Marekebisho hayo hayakuidhoofisha sandhya; yaliirudisha katika asili yake. Anayeigeuza sala kuwa alama ya cheo amekwisha kujilipa ujira, na wajibu wake umegeuka biashara.