Wget, programu ya wenye laini mbovu
Ni Januari 1996 ndipo Hrvoje Nikšić, mtu wa Kroatia, alitoa programu ya Wget. Wakati ule intaneti ilipitia laini ya simu. Ikikatika, kupakua kulianza upya. Wget haichoki: hujaribu tena, na seva ikikubali, huendelea pale ilipoishia. Haina vitufe vya kubonyeza, jambo linaloogopesha wengi bure. Mtu huandika wget -m -k na anwani, basi. Ya kwanza hufuata viungo na kuhifadhi tovuti nzima. Ya pili huelekeza viungo kwenye nakala iliyo ndani ya kompyuta. Serikali ya Kongo ilipokata intaneti tarehe 31 Desemba 2018, siku moja baada ya uchaguzi, kwa karibu wiki tatu wengi walibaki na kile tu walichokuwa wamehifadhi.