Lugha na hadhi ya watu nchini Indonesia

Indonesia ina lugha zaidi ya 700, na katika baadhi yake msemaji hana budi kujua kwanza anaongea na nani. Mfano ulio wazi kuliko yote ni Kijava, lugha mama ya makumi ya mamilioni ya watu. Kina ngazi tatu kuu: ngoko, ya marafiki na wadogo, madya, ya kati, na krama, ya heshima. Anayehama ngazi hubadili maneno yenyewe. Kijana akimwambia mgeni kwamba baba ameshalala ila yeye bado, husema: “Bapak sampun sare, kula dereng tilem.” Kulala kwa baba ni sare, kwake mwenyewe ni tilem, na akiongea na mdogo wake husema turu. Kujitajia sare ni kujikweza, na wazazi hawaliachi kosa hilo lipite.

Adabu hii ilikomaa chini ya watawala wa ufalme wa Kijava wa Mataram, na hadi leo inashikiliwa sana Surakarta na Yogyakarta, miji ya kifalme. Banyumas, mbali na ikulu, watu huongea ngoko bila kusita. Wasunda, majirani wa Wajava waliowahi kutawaliwa na Mataram, waliuchukua utaratibu huo; huko Bali ngazi za usemi zinafuata matabaka ya Kihindu.

Ndiyo maana uamuzi wa vijana waliokutana Batavia tarehe 28 Oktoba 1928 ulikuwa wa busara kubwa. Kijava kilikuwa na wasemaji wengi kuliko lugha nyingine yoyote, lakini walichagua Kimalay, lugha ya bandari na biashara, wakakiita Kiindonesia. Hakikuwapa Wajava nafasi ya juu, wala hakikumlazimisha mtu kupima cheo kila anapofungua kinywa. Katiba ya 1945 ikakifanya lugha ya taifa.

Hata hivyo, jamii haikuacha mizani yake. Neno “Anda”, lililoenezwa tangu 1957 ili limfae kila mtu, limebaki zaidi kwenye matangazo na fomu. Ana kwa ana huwa la baridi mno. Mkubwa huitwa Bapak au Ibu, na mwenye duka kijana huitwa Mas au Mbak, yaani kaka au dada.

Siku hizi familia nyingi za Kijava mijini huwalea watoto kwa Kiindonesia. Mtoto anayeogopa kuteleza katika krama humjibu babu yake kwa lugha ya taifa, akaiweka ngoko kwa wenzake. Krama, hazina kubwa ya adabu na ufasaha, wengi wao huikuta darasani, katika kipindi cha lugha ya eneo.