Daraja la Hàm Rồng na Bomu la Leza

Daraja hili la chuma lilifunguliwa mwaka 1964 juu ya Mto Mã, mkoani Thanh Hóa, kupitisha reli na barabara ya kuelekea kusini mwa Vietnam. Marekani ililishambulia mara ya kwanza tarehe 3 Aprili 1965. Makombora ya Bullpup yaligonga chuma, yakaacha masizi tu.

Chini, wanakijiji walihudumia mizinga. Ngô Thị Tuyển, msichana wa mgambo, anakumbukwa kwa kubeba masanduku mawili ya risasi kwa mpigo mmoja, kilo 98, zaidi ya maradufu ya uzito wake. Ndege nyingi zilitunguliwa, watu wengi wakafa pande zote mbili, na daraja likabaki limesimama.

Mwaka 1972 Wamarekani walirudi na silaha mpya. Lilikuwa bomu la kawaida lisilo na injini, ila lilifungwa kitambuzi puani na mapezi ya kuliongoza. Askari wa kiti cha nyuma katika ndege ya F-4 Phantom alimulika shabaha kwa leza, na bomu likaufuata mwanga uliorudi. Wingu moja tu lilitosha kuliharibia njia: katika shambulio la tarehe 27 Aprili, kwa sababu ya mawingu, mabomu ya leza hayakutumika kabisa.

Tarehe 13 Mei Phantom 14 zilirejea. Safari hii upande wa magharibi wa daraja uling'oka kwenye egemeo lake.

Wavietnam walilijenga tena mwaka 1973.