Ngui, sauti iliyotisha serikali

Tangu mwaka 2025, Bomas of Kenya, kituo cha utamaduni jijini Nairobi, ni eneo la ujenzi: panajengwa ukumbi mkubwa wa mikutano. Gharama ya mabilioni imejadiliwa sana. Wachezaji wa ngoma, ambao ndio walioipa Bomas jina tangu miaka ya 1970, hawajatajwa sana. Sisi wa Makueni tuna haki ya kuuliza habari zao, maana ngoma za sarakasi za Wakamba zilikuwa miongoni mwa vivutio vyake vikuu.

Ngoma hizo hazikuzaliwa jukwaani. Zilitoka vijijini, kama Mukuyuni hapa Makueni. Jina hilo maana yake ni penye mkuyu, mti ambao Wakamba waliuheshimu kama mahali pao pa ibada. Katika vijiji vya namna hii alipita ngui, mtunzi na kiongozi wa wimbo, pamoja na wachezaji wake. Paul Kavyu, mtafiti wa muziki wa Wakamba aliyetoa kitabu An Introduction to Kamba Music mwaka 1977, anatuonyesha jinsi muziki huo ulivyofungamana na maisha yote. Kwa myali, nyimbo za kukosoa, mkosaji alisemwa hadharani. Mwizi, mvivu, hata mwenye cheo, wote waliogopa jina lao lisiingie kwenye wimbo.

Serikali ya kikoloni nayo iliogopa. Mwaka 1911, mwanamke aitwaye Siotune wa Kathuke alianzisha wilayani Machakos, iliyokuwa na Makueni ndani yake, vuguvugu la ngoma za pepo. Lilisambaa kijiji kwa kijiji, watu wakicheza hadi kupandisha pepo. Kijana Kiamba wa Mutuaovio akalitia siasa, akahimiza watu wasiitii serikali. Maofisa waliita hali hiyo wazimu. Walituma askari. Siotune na Kiamba wakakamatwa na kuhamishwa mbali na Ukambani. Mtu hahamishwi kwa sababu ya ngoma tupu. Maofisa walijua kwamba mdundo unaowakusanya watu unaweza pia kuwapa amri, na ndiyo maana nasema Siotune anastahili sanamu, si aya moja katika vitabu vya historia.

Kanisa nalo lilikuwa na njia yake ya kuizuia ngoma. African Inland Mission ilianzia Nzaui, Makueni, mwaka 1895, na muumini akatakiwa kuiacha ngoma. Vijana hawakuacha. Kutoka pwani, beni, ngoma ya gwaride, ilikuwa imesambaa Afrika Mashariki, na Ukambani ikawa mbeni, ngoma ya kuruka na kupinduka.

Baadaye sauti ya ngui ikaingia studio. Mwanamuziki Kakai Kilonzo na bendi yake, Kilimambogo Brothers, waliimba kwa Kikamba na Kiswahili, santuri zao zikavuka mipaka ya Ukambani, hadi Kakai alipofariki mwaka 1987.

Siku hizi mtoto wa Makueni huijua ngoma ya babu yake kwenye tamasha la muziki la shule, akiwa na dakika chache mbele ya majaji.  Kaunti iwatafute wazee wanaozikumbuka nyimbo za myali na kuzirekodi wangali hai, pamoja na jina la kila ngui wanayemkumbuka.