Mzigo wa Kijana Hutuliwa kwa Nani?

Ukitaka kujua dini inamjali mwanafunzi kwa kiasi gani, usianzie kwenye mahubiri yake. Uliza hili: kijana wa kidato cha pili akilemewa na jambo moyoni, anaelekezwa akamwambie nani? Kagera ni mahali pazuri pa kuuliza. Huko ndiko wagonjwa wa kwanza wa Ukimwi nchini Tanzania waliporipotiwa mwaka 1983, watu wakauita ugonjwa huo Juliana na kuusemea pembeni. Watoto walizika wazazi wao bila kuambiwa wamekufa kwa nini.

Kwa Wakatoliki jibu lipo tayari. Buhaya, nchi ya Wahaya mkoani humo, iliyomtoa Laurean Rugambwa, aliyekuwa kardinali wa kwanza Mwafrika mwaka 1960, inakijua kitubio vizuri: padri, toba, siri. Wanafunzi wa TYCS, chama cha wanafunzi Wakatoliki, watasali na kuimba pamoja, lakini dhambi ina njia yake.

Upande wa Walutheri mambo yana moto zaidi. Uamsho uliotoka Gahini, Rwanda, katika miaka ya 1930 ulivuka mpaka ukaingia Buhaya, na waliookoka wakaanza kusimama mbele ya ndugu na kuungama hadharani: wizi, uzinzi, hata chuki ambayo hakuna aliyekuwa ameiona. Askofu Josiah Kibira, aliyechaguliwa kuongoza Shirikisho la Walutheri Duniani mwaka 1977, alikuwa mtu wa Uamsho huo. Uzuri wa Uamsho ni kwamba uliwaweka mchungaji na mkulima wa migomba kwenye benchi moja. Lakini ushuhuda wa binti wa miaka 15 haubaki kanisani. Unafika kisimani kabla yake.

Wabaha'i wamekataa njia zote mbili. Baha'u'llah, mwanzilishi wa dini yao, alikataza kuungama dhambi mbele ya binadamu mwingine ili kupata msamaha, kwa hoja kwamba kunamdhalilisha mtu, na Mungu hapendi waja wake wadhalilike. Mwislamu wa Bukoba hatashangaa: toba kwake ni kati ya mja na Mola wake, na kuanika aibu ambayo Mungu ameisitiri ni kosa jingine. Mbaha'i anatakiwa ajihesabu nafsi yake kila siku, peke yake. Akimkosea mtu, hakatazwi kwenda kumwomba radhi. Padri hana, wala shehe. Mambo ya jumuiya yanashikwa na baraza la watu tisa, wanaochaguliwa kwa kura ya siri bila wagombea wala kampeni.

Basi mwanafunzi wa Kibaha'i anabaki na nini? Kila baada ya siku 19 kuna karamu ya jumuiya yenye sehemu tatu: sala, mashauriano, kisha chakula na maongezi. Kwa wenye umri wa miaka 12 hadi 15 kuna vikundi vinavyoongozwa na kijana aliyewazidi miaka michache tu. Husoma hadithi, kama ile ya akina Musonda na Godwin wanaowaza maisha yao ya baadaye, wakaijadili, kisha wakatafuta kazi ya kuwafaa majirani. Taasisi ya Ruhi iliyoandaa mafunzo haya ilizaliwa Kolombia, lakini mpangilio wake haumshangazi mtu aliyekulia katika Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo, ambazo maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki (AMECEA) walizipa kipaumbele mwaka 1976. Tofauti ni kwamba kikundi cha Kibaha'i hakimsubiri paroko.

Nami naona pengo hapa. Katazo la kuungama linamkinga kijana na aibu. Halimfundishi kusema huzuni, na huzuni si dhambi. Yatima hana cha kuungama. Anachohitaji ni mtu wa kumwambia kwamba analala macho.

Hilo lilijibiwa Nshamba, wilayani Muleba, na watu ambao hawakuwa wakieneza dini. Mradi wa Humuliza, ulioanzishwa na Kurt Madörin kutoka Uswisi, uliwafundisha walimu na walezi kumsikiliza mtoto aliyefiwa. Mwaka 2000 yatima wenyewe wakaunda Vijana Simama Imara: wakachagua viongozi wao, wakaweka akiba, wakawasaidia wazee waliobaki na wajukuu. Kwa Wazee, mradi ulioanza hapohapo mwaka 2003, ukawapa mabibi hao pensheni ndogo ya kila mwezi, maana bibi asiye na senti ya sabuni hana nafasi ya kumsikiliza mtu.

Ukikiweka kikundi cha Kibaha'i kando ya Vijana Simama Imara, vinafanana kwa jambo lisilo la kawaida katika nchi ya misheni: kijana anaachiwa kuongoza kijana, na kazi kwa jirani ni sehemu ya malezi. Lakini kimoja kinaanza na swali la kijana atakuwa mtu wa namna gani, kingine kinaanza na nani kafa nyumbani kwenu. Kiongozi wa kikundi mwenye miaka 17, akipelekwa Nshamba na vitabu vyake, ingempasa aanze na swali la pili.