Nani Alipe Paa la Kanisa? Historia Fupi ya Makanisa ya Parokia Ufaransa

Ukisikia "makanisa ya Ufaransa", huenda kinachokujia kichwani haraka ni Notre-Dame ya Paris. Lakini Notre-Dame ni katedrali, yaani kanisa la askofu. Leo tuiache kidogo, tutazame kanisa la parokia: lile la mtaani, ambamo watu wa kawaida wa mji walibatizwa, wakafunga ndoa na kuagwa. Na ukitaka kulielewa jengo la namna hiyo, usianze na mtindo wa madirisha. Anza na swali la pesa: nani alilipa?

Kwa karne nyingi gharama ziligawanywa. Sehemu ya altare ilikuwa juu ya yule anayepokea zaka ya parokia, na mara nyingi huyo alikuwa abasia iliyoko mbali. Ukumbi wanamokaa waumini ulikuwa mzigo wa wanaparokia wenyewe. Amri ya mfalme ya mwaka 1695 ilikazia mgawanyo huo. Sasa unaona kwa nini makanisa mengi ya Ufaransa yanaonekana kama yameunganishwa vipande: altare ya karne moja, ukumbi wa karne nyingine, paa hazilingani. Pande mbili zilikuwa na mifuko miwili, na haikujaa wakati mmoja.

Upande wa waumini, mfuko ulishikwa na kamati iliyoitwa fabrike. Usidhani ni kiwanda. Ilikuwa halmashauri ya walei. Walikusanya sadaka, wakapangisha mashamba yaliyoachwa kwa wosia, wakatoza ada za viti, kisha wakamlipa fundi.

Tuchukue mfano mmoja: Kanisa la Sainte-Catherine, mjini Honfleur, bandari ndogo kwenye mlango wa mto Seine. Vita vya Miaka Mia kati ya Ufaransa na Uingereza viliisha mwaka 1453, na kanisa la mawe lililokuwapo lilikuwa limeharibiwa. Mawe ni ghali, na mji umetoka vitani. Lakini Honfleur ilikuwa na misitu karibu, na ilikuwa na mafundi wa merikebu. Basi wakajenga kwa walichokuwa nacho: mbao na ujuzi wa baharini. Ukiingia ndani na kuinua macho, dari ni kama jahazi lililopinduliwa, mataruma juu, wewe chini yake.

Watu walipoongezeka, kanisa likawa dogo. Ungefanyaje? Kulipanua si rahisi, kwa sababu nafasi ambayo boriti inaweza kuivuka ina mpaka: urefu na unene wa mti. Suluhisho lao lilikuwa kujenga ukumbi wa pili ubavuni mwa ule wa kwanza. Ndiyo maana hadi leo Sainte-Catherine ina "majahazi" mawili, bega kwa bega.

Na mnara wa kengele je? Uko ng'ambo ya uwanja, peke yake, nao ni wa mbao. Hapa kuna fizikia kidogo. Kengele inayobembea haibonyezi chini tu kwa uzito wake. Inasukuma pia pembeni, huku na huku, kila inapopigwa. Jengo la mbao likitikiswa hivyo miaka nenda miaka rudi, viungo vyake hulegea. Halafu kitu kirefu huvutia radi, na radi kwenye mbao ni moto. Kuutenga mnara kulipunguza hatari zote mbili.

Turudi kwenye pesa. Mwaka 1789 Mapinduzi yaliweka mali za Kanisa mikononi mwa taifa, na zaka ikafutwa. Kisha tarehe 9 Desemba 1905 ikaja sheria ya kutenganisha dini na serikali. Sheria ilitaka waumini waunde vyama vya kupokea mali za parokia, lakini Papa Pius X akawakatalia Wakatoliki kufanya hivyo. Sheria nyingine ya mwaka 1908 ikamaliza ubishi: makanisa ya parokia yaliyokuwapo yakawa ya halmashauri za miji na vijiji, huku waumini wakiendelea kuyatumia bure. Makanisa yaliyojengwa baada ya 1905 hayamo. Hayo kwa kawaida ni ya dayosisi. Na Alsace pamoja na sehemu ya Lorraine hazimo pia, kwani wakati huo zilikuwa chini ya Ujerumani.

Kwa hiyo leo diwani asiyekanyaga misa hata siku moja anaweza kujikuta akipiga kura kuhusu paa la kanisa. Abbeville, kaskazini mwa Ufaransa, kulikuwa na Kanisa la Saint-Jacques, la karne ya 19. Lilichakaa, matengenezo yalikuwa ghali, na mwaka 2013 likabomolewa. Wako waliosema pesa za umma ziende shuleni na barabarani kwanza. Wako waliosema jengo lililolipiwa na mababu wa mji mzima si la waumini peke yao, na likishaanguka halirudi. Hoja zote mbili zina uzito, na miji midogo mingi ya Ufaransa itabidi iamue moja baada ya nyingine, kadiri mapaa yanavyoanza kuvuja.